Nyumba Yako Niliyoiita Ofisi

Mutuma, mwanangu,

Ni saa tisa alasiri na wewe umeenda Mikinduri kumuaga nyanya yako. Mama yako anapiga pasi shati zako huku akitaja kwa sauti mambo ya kukumbuka, ingawa haupo wa kumsikia. Kwa hivyo ya blanketi, ya dawa ya meno na ya kutokula chipsi kila siku nimemwachia yeye. Mimi nimekaa kwenye meza ya chakula na kalamu hii ninayochorea ramani za nyumba za watu, najaribu kumaliza kabla hujarudi.

Nikuambie ukweli mapema: sihisi kitu. Tangu Jumapili niko kama mtu aliyelalia mkono wake hadi asubuhi, akaushika na kuona ni kama wa mtu mwingine. Jana nilikutazama ukifunga sanduku nikasema, "Haya, vizuri," vile ninavyomwambia mteja akishalipa. Usidhani ni ugumu wa moyo. Nafikiri uchungu uko njiani unakuja, umechelewa tu.

Jumapili ndiyo siku uliyotafuta cheti chako cha kuzaliwa ndani ya faili zangu, kwa sababu chuo kule Embu kilikihitaji. Cheti ulikipata, na chini yake ukapata ramani ya boma letu, niliyoichora mwenyewe kwa ajili ya karatasi za kodi. Uliitoa, ukaiweka hapa mezani, ukainyoosha kwa viganja, ukatoka nje. Baadaye mama yako ndiye aliyenieleza ulichomwambia jikoni: kwamba likizo hutarudi hapa. Kwamba mjomba wako Njeru kule Karurumo amekupa chumba chenye mlango wake, na hapa nyumbani huna mahali.

Nimeitazama ramani hiyo kila siku tangu hapo. Ni kazi safi, ingawa ni mimi ninayejisifu. Nyumba kubwa ipo. Jiko la nje lipo. Choo kipo. Zizi limeandikwa jina lake, na vipimo vyake viko pembeni, urefu na upana. Kule juu karibu na mgomba, pale iliposimama nyumba yako, nimeandika kwa herufi kubwa: OFISI. Ng'ombe ana mahali kwenye ramani ile, Mutuma. Wewe huna.

Habari hii wewe unaijua kwa upande wa jikoni. Mimi nitakuandikia kwa upande wangu. Si ili unihurumie, maana huruma yako ulinipa mara moja na niliitumia vibaya, utaona mbele.

Nyumba ile niliijenga mwaka uliomaliza darasa la nane, kabla hujaingia jandoni. Ilikuwa ya mabanzi na mabati, na dirisha moja linalotazama barabara ya Nkubu. Sakafu niliimwaga saruji mwenyewe, nikaharibu suruali nzuri. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Kwetu hapa mtoto akishatahiriwa hawezi kurudi kulala chini ya paa la mama yake, na hata mzee asiye na kitu hutafuta mabanzi. Katika kazi yangu nimechorea watu nyumba nyingi, na nakwambia, mtu wa Meru anaweza kupunguza sebule, anaweza kusahau hata choo, lakini akiwa na mtoto wa kiume hasahau kuniuliza, "Na chumba ya kijana umeweka wapi?"

Yangu mimi, nilipotahiriwa, ilikuwa ya udongo. Baba yangu aliijenga kwa siku nne na hakuingia ndani yake tena. Asubuhi akitaka nikamsaidie kukamua, alikuja mpaka kwenye mgomba akasimama, akakohoa mara mbili. Kulikuwa na mvua siku moja, ile ya kupiga mabati mpaka husikii mtu. Alisimama hapo na gunia kichwani, akakohoa sijui mara ngapi, hadi nikaamka nikafungua mlango. Nikamwambia, "Baba, ingia." Akasema, "Huko ni kwako," akageuka akatangulia zizini. Baba yangu alikufa bila kujua kitanda changu kilitazama upande gani. Zamani niliona ni ushamba. Siku hizi sioni hivyo.

Corona ilipokuja, ofisi ya mjini nilikokuwa nachora ilifungwa na haikufunguliwa tena. Nikarudi nyumbani na ubao wangu wa kuchorea, nikaanza kujitafutia wateja. Kwanza nilifanya kazi kwenye meza hii hii, na mama yako akichambua maharagwe upande ule. Ramani moja ya duka la Nkubu ilienda kwa mteja na doa la mchuzi juu ya choo. Mteja akacheka, lakini hakunipa kazi nyingine.

Shule zilipofunguliwa tena wewe ulirudi bweni, na nyumba yako ilikaa imefungwa miezi mitatu mitatu. Nikaona ni hasara. Ulipokuja likizo nilikuuliza kama ninaweza kuweka ubao wangu humo ukiwa shule. Ukaniambia, "Tumia tu, baba. Si mimi niko shule?" Nilijiona mzazi muungwana kwa kuuliza. Lakini ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ungesema nini? Kesho yake nilienda Nkubu nikachongesha ufunguo wa pili.

Mpaka hapo ningeweza kusamehewa, nafikiri. Ubao si dhambi.

Kisha nikaenda kwa mhasibu mmoja mjini anisaidie na fomu za kodi, kwa sababu mtu aliyejiajiri hujazia mwenyewe na mimi nilikuwa sijui pa kuanzia. Akanieleza kitu ambacho ni cha haki kabisa, na ukija kujiajiri udai: gharama za kazi yako zinaondolewa kwenye mapato kabla hujatozwa. Umeme, intaneti, karatasi, wino. Hata chumba cha kazi nyumbani, rangi yake na kukarabati paa lake, mradi kinatumika kwa kazi peke yake. Nikamwambia kipo, kizuri.

"Kina kitanda?" akaniuliza.

"Cha kijana wangu. Analala akifunga shule."

"Basi hiyo si ofisi, mzee. Hiyo ni bedroom iko na meza. Unaweza dai ile portion ya kazi tu, kidogo hivi, ama uache kabisa." Halafu akacheka. "Ama ufukuze kijana!"

Nami nikacheka. Alinipa njia mbili za halali na moja ya mzaha. Mimi nilitoka pale nikachukua ya mzaha.

Nilijaza kwamba chumba ni cha kazi peke yake. Nilichora ramani nikaambatanisha. Kitanda chako wakati huo kilikuwa bado kimo ndani, na shuka la bluu, na picha ya timu yako ukutani. Nilikuwa nimekufuta kwa karatasi tu, na karatasi haipigi kelele. Nikatundika kibao mlangoni: OFISI, GONGA KABLA YA KUINGIA. Wateja walikipenda.

Unakumbuka Aprili ile ulipokuwa kidato cha pili. Nilipigiwa simu kwamba afisa wa kodi angepita kuangalia, ukaguzi wa kawaida tu. Hapo ndipo nilipoogopa, na mtu mwoga ana nguvu sana. Kitanda kile cha mbao ya mvule nilikitoa peke yangu mpaka kwenye banda la kuni. Godoro lako nikalipeleka kwenye jiko la nje, katikati ya magunia ya mahindi. Mama yako alinisimamia mlangoni na mwiko mkononi.

"Wewe mzee, mtoto akishapashwa tohara harudi jiko. Si unajua?"

"Ni siku moja tu."

"Hata kama ni siku moja. Unatoa mwanaume kwa nyumba yake juu ya karatasi?"

Nilimwambia haelewi mambo ya kodi. Ndiyo maneno niliyosema, na sina mengine ya kuyafunika.

Afisa alikuja kesho yake, mama mmoja mpole, akakubali chai. Akaangalia ubao, rafu, bili za umeme. Kisha akaangalia sakafu. Kulikuwa na alama nne kwenye saruji, mahali miguu ya kitanda ilikuwa imekaa. Akazitazama, akanitazama mimi. Nilijua kinachofuata.

Wakati huo ukaingia getini na mzigo wa majani ya napia begani, umelowa jasho. Akakuita kwa upole.

"Wewe ni kijana wa hapa? Unalalanga wapi?"

Ukaniangalia. Haikuwa muda mrefu. Sikukupa ishara yoyote, naapa, lakini pia sikufungua mdomo.

"Kwa mama," ukasema. "Huko jiko."

Akaandika kitu kwenye daftari lake. "Sawa, mimi nimeona. Asante kwa chai, mzee." Akaenda zake, na hakuna mtu aliyerudi kutusumbua tena.

Wewe ulipeleka napia kwa ng'ombe. Ulikuwa muthaka, kijana aliyepita kisu bila kupepesa, mzee mlezi wako wa jandoni alinisifia mpaka nikaona haya. Na umesimama mbele ya mwanamke mgeni ukajiita mwiji, mtoto asiyetahiriwa anayelala kwa mama yake, ili kodi ya baba yako isiongezeke. Hilo ndilo neno gumu zaidi ambalo mtu amewahi kusema kwa ajili yangu. Mimi nilisema nini? Nilisema, "Umefanya vizuri." Nilikupa na soda.

Hapo Mutuma ndipo penye kosa langu. Watu watakwambia ni uongo wa kwenye fomu. Huo ni kosa pia na nimeushughulikia. Lakini kosa lenyewe ni kwamba jioni ile sikurudisha kitanda. Nilijiambia huenda mama yule akarudi. Tuache wiki moja. Wiki ikawa likizo, likizo ikawa ya pili, mpaka ukamaliza kidato cha nne. Kila ulipofunga shule ulipita mbele ya kibao changu na sanduku lako la bati ukaenda moja kwa moja jikoni, kama mtu anayejua kwake. Mimi nikiwa ndani nachora, nilisikia sanduku likiburutwa. Nilizoea. Hilo ndilo linalonitisha nikilifikiria, jinsi nilivyozoea upesi.

Desemba moja walikuja vijana wa rika lako, wanne, wale mliotoka nao jandoni. Walikuwa na mahindi mabichi ya kuchoma. Walienda mpaka mlangoni kwako kwa desturi, wakasoma kibao. Mmoja akasema, "Kwani siku hizi umeandikwa kazi na mzee wako? Bosi, tugonge ama tuingie?" Ukacheka pamoja nao, ukawapeleka mkachomee barabarani. Mimi nilikuwa dirishani na penseli sikioni. Hawakurudi tena, na wewe hukuwaalika. Nilijisemea vijana wa siku hizi hawatembeleani, wako kwa simu.

Unataka kujua niliokoa nini. Nilikaa juzi nikapiga hesabu ya miaka yote. Haifiki bei ya mlango. Sisemi mlango wa maana. Ule wa mabanzi, na bawaba zake.

Sitaki ufikiri kwamba kodi ni jambo la kukimbia. Lipa, dai kilicho chako, weka risiti hata ya rula. Lakini nimeishi na yale maneno, "kwa kazi peke yake," na nimegundua kitu ambacho mhasibu hakuniambia kwa sababu sikumuuliza. Ndani ya boma hakuna kitu cha kazi moja peke yake. Meza hii tunakula, mama yako huchambulia maharagwe, wewe ulijifunzia kuandika herufi, na sasa naandikia barua. Karatasi ina haki ya kuuliza swali lake. Nyumba ikikosa jibu, mwambie huyo anayeuliza kwamba jibu ni nusu, au ni robo, au hakuna. Usianze kutoa watu ndani ya nyumba ili ilingane na fomu. Unaona, nimeanza kuhubiri, na huwa unahama chumba nikianza. Nimeacha.

Jambo lingine ni dogo. Ukiwa na mtu ambaye hakatai, mwogope kidogo. Mimi nilichukua kunyamaza kwako kama ruhusa kwa sababu ilinifaa. Mjomba wako Njeru hakungoja umwombe chumba, alikuona tu ukilala pale juu ya magunia tulipokuwa na ile sherehe ya ubatizo, akarudi Karurumo akamwaga saruji. Nimemwonea wivu na nimemshukuru, na sijui kipi kilitangulia.

Sasa nikueleze nilichofanya wiki hii ulipokuwa ukizunguka kuaga watu, maana najua hukupita upande ule wa mgomba.

Jumatatu nilirudi kwa mhasibu nikamwambia arekebishe fomu za miaka yote. Akaniuliza kama nimeugua. Penye ofisi ya nyumbani ameandika sifuri, na tofauti nitailipa kidogo kidogo pamoja na faini yake. Hiyo ni shughuli yangu, usiibebe.

Jumanne nilirudisha ubao wangu hapa kwenye meza ya chakula. Kibao nimekitoa, misumari imeacha matundu mawili mlangoni ambayo sijayaziba. Mama yako amesema nikimwagia mchuzi ramani nyingine nisimlaumu.

Jana, ulipoenda kunyoa, nilikitoa kitanda chako kwenye banda la kuni. Mchwa wamekula ubao mmoja wa chini, nimeubadilisha. Nilikiingiza nikakisukuma mpaka miguu yote minne ikaingia kwenye zile alama za saruji. Zilikuwa bado ziko. Nikatandika shuka la bluu. Hapo ndipo nilipokumbuka baba yangu, kwamba alikufa bila kujua kitanda changu kilitazama upande gani. Mimi chako nakijua. Kinatazama dirishani, kichwa kikiwa upande wa mlima. Sikupaswa kukijua. Nilikaa chini sakafuni, si kitandani, na ule mkono niliokwambia umelala ukaanza kuuma kidogo. Naona aibu, Mutuma. Nimeandika, na sitaifuta.

Ramani mpya nimeichora leo asubuhi, iko ndani ya bahasha hii pamoja na barua. Haina kazi yoyote serikalini. Ni ya kwako. Pale juu karibu na mgomba nimeandika NYUMBA YA MUTUMA, na sikuandika vipimo vya ndani.

Sikuombi ubadilishe ulichomwambia mama yako. Karurumo una mlango, na mtu aliyeujenga bila kuombwa. Kaa huko kwa raha. Likizo ikifika utaamua mwenyewe, na ukiamua kutokuja mimi sitatuma mtu kukuuliza.

Ila ndani ya bahasha utasikia kitu kizito kinateleza. Ni ule ufunguo wa pili. Sikuchongesha wa tatu. Kuanzia leo sina namna ya kujua kama umo ndani au haumo, kwa hivyo nitafanya kama baba yangu. Siku chuo kikifungwa nitasimama pale kwenye mgomba asubuhi, nikohoe mara mbili. Usipojibu nitajua hujafika. Nitaenda nikakamue ng'ombe, na kesho yake nitakuja nikohoe tena.

Ni mimi, baba yako.